Tulimwambia LA, yeye akabonyeza NDIYO. Mbunge akiwa pale ndani, anamsikiza nani?

#1 Miwa Mikavu (Mumias)
Hamjambo wanajukwaa. Kuna jambo linanikera tangu Jumamosi. Mheshimiwa wetu alikuja matangani kuzika mzee wa kijiji, akapewa kipaza sauti. Kijana mmoja wa boda akasimama na kumuuliza mbele ya jeneza: "Mheshimiwa, ule Mswada wa Fedha wa 2024, ule wa kuongeza kodi, tulikwambia La. Sokoni tulikwambia, kanisani tulikwambia, hata simu yako tuliijaza ujumbe. Mbona ukapiga Ndiyo?" Mheshimiwa akacheka, akasema mambo ya Bunge ni mazito, mtu akiwa nje hawezi kuyaelewa. Akatoa elfu ishirini za kusaidia mazishi, watu wakapiga makofi, msafara ukaondoka.

Mimi jibu lile limenikwama kooni. Wenye ujuzi nisaidieni: kidole kikiwa juu ya kitufe, ni nani anamwambia abonyeze kipi? Chama? Ikulu? Pesa? Au ni sisi wenyewe bila kujua? Jina la mheshimiwa sitataja, wala eneo bunge. Nataka kuelewa kazi yenyewe.

#2 Jicho la Kondele (Kisumu)
Pesa. Uzi umefungwa, nendeni mkalale.

#3 Binti wa Free Area (Nakuru)
Ndugu wa Kondele, mmezoea kufunga barabara, sasa mnafunga hadi uzi? Haufungwi. Siku ile ya tarehe 25 Juni 2024, kura zilikuwa 195 za Ndiyo na 106 za La. Kama ni pesa tu, hao 106 walizikataa au hawakupewa? Jibu lako halielezi.

#4 Jicho la Kondele (Kisumu)
Hao ni wa upinzani dada. Walipiga La kwa sababu chama chao kilisema La.

#5 Binti wa Free Area (Nakuru)
Basi sasa umesema ni chama, sio pesa. Tunasonga mbele.

#6 Karani wa Zamani (Kakamega)
Niliketi katika ofisi ya mbunge mmoja miaka minne, katika Bunge lililopita. Pesa taslimu ikitolewa kwa ajili ya kura sikuiona, kwa hivyo hilo sitalisemea. Nilichoona ni simu. Siku mbili kabla ya kura kubwa, kiranja wa chama, yule anayehakikisha wabunge wa chama wanafika na kupiga kura chama kinavyotaka, hupiga. Hatishi mtu. Anauliza tu, "Mheshimiwa, utakuwepo?" Ukisema utakuwepo, anauliza ile barabara yako ya lami imefika wapi. Basi. Mswada wenyewe hata hajautaja. Mheshimiwa akikata simu anakaa kimya kidogo, halafu anamwambia dereva waende Nairobi leo badala ya kesho.

Jambo la pili ni kamati. Watu huku nje wanadhani kazi ya Bunge ni ile wanayoiona kwenye runinga, watu wakipigiana kelele. Kazi ni kamati. Huko ndiko mawaziri wanahojiwa, bajeti inapangwa upya, na mbunge anapata jina. Na kiti cha kamati ni cha chama. Chama kikiamua kukuondoa, kinamwandikia Spika na unaondolewa. Mnakumbuka Mei na Juni 2020? Wale waliokuwa upande wa Naibu Rais wa wakati huo, William Ruto, walipukutishwa kama majani. Kithure Kindiki alitolewa unaibu spika wa Seneti. Susan Kihika wa Nakuru, ambaye mwenyewe alikuwa kiranja wa wengi katika Seneti, akang'olewa. Hapa kwetu Benjamin Washiali wa Mumias East alikuwa kiranja wa wengi katika Bunge la Kitaifa, akatolewa, nafasi ikaenda kwa Emmanuel Wangwe wa Navakholo. Kama kiranja mwenyewe anaweza kuchapwa, mbunge wa kawaida ana kinga gani?

#7 Kijana wa Boda (Mbale)
Omwami Karani amesema kweli. Na sheria yenyewe inasema mbunge akipiga kura kinyume na chama chake anapoteza kiti. Kwa hivyo msimlaumu sana.

#8 Wakili wa Mtaa (Kisumu)
Hapana ndugu, hapo umekosea, na kosa hilo limeenea sana. Ibara ya 103 ya Katiba inasema mbunge anapoteza kiti akijiuzulu kutoka chama kilichompeleka Bungeni, au akichukuliwa kuwa amejiuzulu, mathalan akijiunga na chama kingine. Kupiga kura kinyume na chama peke yake hakukutoi Bungeni. Mwaka 2023 ODM, chama kilichokuwa cha upinzani, ilitangaza kuwafukuza wabunge kadhaa wa Nyanza kwa kushirikiana na serikali. Waliendelea kuketi Bungeni kama kawaida. Mwaka uliofuata viongozi wa chama chenyewe wakaingia katika baraza la mawaziri.

Adhabu ya chama ni ile aliyoitaja Karani, yaani kamati, na nyingine inayongoja 2027, yaani tikiti. Huku kwetu ukishapata tikiti ya chama kikubwa, kampeni inakuwa sherehe tu. Kwa hivyo mbunge anapiga kura akiangalia mchujo wa chama, sio uchaguzi.

#9 Jicho la Kondele (Kisumu)
Hiyo ya mchujo nakubali kabisa. Lakini pesa sijaiondoa mezani.

#10 Mwalimu Mstaafu (Kimilili)
Vijana, hebu niongeze historia kidogo, maana mnazungumza kana kwamba Bunge lilianza 2010.

Hiyo sheria ya kupoteza kiti ukihama chama ilizaliwa kwa sababu ya Nyanza. Aprili 1966 Jaramogi Oginga Odinga alitoka KANU, chama tawala, akajiunga na KPU, chama kipya cha upinzani, wabunge wakaanza kumfuata. Serikali ikakimbiza marekebisho ya Katiba, yakapitishwa upesi mwezi huo huo: aliyehama arudi kwa wananchi aombe kura upya. Wengine kusikia hivyo wakataka kurudi KANU haraka. Chaguzi ndogo zilikuwa 29, zikaja kuitwa uchaguzi mkuu mdogo, na KPU ikapata viti 9 tu. Tangu siku hiyo mbunge wa Kenya anajua kwamba kuhama kuna bei.

Halafu 1975. J.M. Kariuki, mbunge aliyeikosoa serikali, aliuawa Machi. Bunge likaunda kamati ya kuchunguza, mwenyekiti akiwa Elijah Mwangale, kijana wetu wa Bungoma. Ripoti ilipoletwa ukumbini, serikali haikutaka ikubaliwe. Masinde Muliro alikuwa waziri. Peter Kibisu wa Vihiga alikuwa waziri msaidizi. Walipiga kura upande wa ripoti, dhidi ya serikali waliyokuwa ndani yake, na wakafutwa kazi mara moja. Oktoba mwaka huo huo Martin Shikuku wa Butere alisema Bungeni kwamba kuna watu wanataka kuliua Bunge kama walivyoiua KANU. Alipotakiwa athibitishe, naibu spika Jean-Marie Seroney akasema jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa. Wote wawili wakakamatwa katika majengo ya Bunge na kutiwa kizuizini, na hawakuachiliwa mpaka baada ya Mzee Kenyatta kufariki.

Nilikuwa mwanafunzi wakati huo. Baba yangu alizima redio, akakaa nje peke yake hadi giza likaingia. Kwa hivyo mtu akiniambia mbunge wa leo, mwenye mshahara wa zaidi ya shilingi 700,000 na mlinzi mlangoni, anaogopa kunyang'anywa kiti cha kamati, mimi siwezi kumwonea huruma. Muliro alijua atakachopoteza.

#11 Miwa Mikavu (Mumias)
Mwalimu, shikamoo. Butere ni hapa jirani na hiyo habari ya Shikuku nilikuwa naisikia nusunusu. Asante sana.

#12 Kijana wa Boda (Mbale)
Asante Wakili kwa kunirekebisha, na asante Mwalimu. Kibisu ni wa kwetu na hakuna aliyewahi kuniambia hivyo shuleni.

#13 Mama Mchele (Ahero)
Nimewasoma wote tangu asubuhi na sijaona mtu akimjibu mwenye uzi kuhusu lile neno lake la mwisho, "au ni sisi wenyewe".

Mimi ni mjane. Wanangu wawili wamesoma shule ya upili kwa basari ya CDF, ule mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, sehemu kubwa ya karo. Juni hiyo ya 2024, wakati redio zote zinaongea mswada, mimi nilikuwa kwenye foleni ya fomu za basari. Tulikuwa wengi, wengine wamekuja na watoto mgongoni. Mheshimiwa mwenyewe alifika. Unajua alisikia nini? Karo. Karo. Karo. Mzee mmoja aliomba mabati ya kanisa. Mwingine aliomba mwanawe apate kazi ya polisi. Watu zaidi ya mia moja, na hakuna hata mmoja aliyesema neno moja kuhusu mswada. Mimi pia sikusema. Niliogopa fomu yangu isije ikawekwa chini ya zote.

Sasa huyo mtu akienda Nairobi, anaenda kama mtunga sheria au kama mtu aliyebeba orodha ya madeni yetu? Na orodha ile anayeweza kuilipa ni nani, kama sio serikali?

#14 Binti wa Free Area (Nakuru)
Mama, hili ndilo jibu zito zaidi hapa mpaka sasa.

#15 Wakili wa Mtaa (Kisumu)
Mama Mchele asante. Niongeze upande wa sheria. CDF ilianza 2003. Sheria iliitengea angalau asilimia 2.5 ya mgao wa serikali ya kitaifa. Mbunge haandiki hundi mwenyewe, kuna kamati, lakini kila mtu kijijini anajua ni "basari ya mheshimiwa". Agosti 2022 Mahakama ya Juu iliharamisha sheria ya CDF ya 2013 kwa kuchanganya kazi za watunga sheria na za watekelezaji. Sheria iliyoifuata, ya 2015, nayo Mahakama Kuu iliikataa Septemba 2024. Hoja ya majaji ndiyo hoja ya Mama: ukimpa anayepaswa kuisimamia serikali jukumu la kugawa pesa za serikali, atasimamia nini?

Na waheshimiwa walijibuje? Julai 2025 walileta mswada wa kubadilisha Katiba ili CDF iandikwe humo ndani. Serikali na upinzani, mlima na ziwa, zaidi ya 290 walipiga Ndiyo. Hakukuwa na La. Siku hiyo hakuna kiranja aliyehitaji kupiga simu.

#16 Mama Mchele (Ahero)
Wakili mwanangu, hiyo kesi naielewa. Lakini mahakama haikuniambia karo ya Januari nitaitoa wapi.

#17 Wakili wa Mtaa (Kisumu)
Ni kweli mama. Hilo sina jibu lake.

#18 Binti wa Free Area (Nakuru)
Mimi naona wote mnaanza mwisho wa safari. Kura ya mwisho ni kama muhuri tu. Mswada husomwa mara ya kwanza, kimsingi kutajwa jina lake. Kisha unaenda kwa kamati, na hapo Katiba, Ibara ya 118, inataka wananchi wasikizwe. Kisha kusomwa mara ya pili, wanajadili kama wanakubali wazo lake kwa jumla. Kisha Kamati ya Bunge Zima, kifungu kwa kifungu, hapo marekebisho yanapigiwa kura. Kisha mara ya tatu. Kisha Rais, ana siku 14 za kutia sahihi au kuurudisha.

Mwaka 2024 mwenyekiti wa kamati ya fedha alikuwa mbunge wa Molo, Kimani Kuria, kwa hivyo sisi wa Nakuru tulifuatilia kwa karibu. Mimi nina duka dogo la mikate na maandazi. Tuliandika maoni yetu, watu saba wa biashara moja, kurasa mbili, tukayatuma. Sisemi karatasi yetu ndiyo iliyofanya kazi, maana waoka mikate wakubwa walipiga kelele kuliko sisi. Lakini tarehe 18 Juni kamati iliondoa ile VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 kwa mkate, ikaondoa na ushuru wa magari wa asilimia 2.5. Hiyo ilikuwa kabla ya kura zote mbili, ya tarehe 20 na ya tarehe 25. Ukiwa na neno la kumwambia mbunge, mwambie mswada ukiwa kamatini, na uwe na kifungu na sababu. "Piga La" peke yake haimsaidii mtu kufanya marekebisho.

#19 Jicho la Kondele (Kisumu)
Dada samahani. Mkate ulitolewa kwa sababu vijana walikuwa barabarani siku hiyo hiyo. Sio kurasa mbili. Na Rais alikataa kutia sahihi tarehe 26 kwa sababu vijana walifika hadi ndani ya Bunge, na wengine hawakurudi nyumbani. Tusiisahau hiyo damu tukiongea vifungu.

#20 Binti wa Free Area (Nakuru)
Sijaisahau. Jirani yangu alizika. Nasema tu kwamba sio kila mswada utapata watu wa kufa kwa ajili yake, na mingine mingi inapita Jumatano alasiri hakuna anayetazama.

#21 Mkulima wa Nzoia (Bungoma)
Nikiongezea hapo kwa mingine mingi. Sisi wa miwa tunajua. Sheria ya Sukari iliyotiwa sahihi Novemba 2024 ilikuwa mswada wa mbunge binafsi, huyo huyo Wangwe wa Navakholo aliyetajwa juu. Ilirudisha bodi ya sukari na ushuru wa asilimia 4 wa kuendeleza sekta. Ilichukua miaka. Hakuna aliyeandamana Nairobi kwa ajili yake. Wabunge wa maeneo ya miwa, wa vyama vyote, walikaa pamoja kwa sababu kila mmoja anachaguliwa na wakulima wa miwa. Kwa hivyo kuna kitu kinaitwa zao, na zao lina nguvu kuliko chama. Uliza wa majani chai, uliza wa kahawa.

Sasa kama sheria imetusaidia au la, hiyo ni hadithi nyingine. Viwanda vya serikali vimekodishwa miaka 30, Nzoia ikiwemo, na mimi malipo yangu ya zamani bado

#22 Mkulima wa Nzoia (Bungoma)
Simu ilizima. Nilikuwa nasema malipo yangu ya zamani bado nayangoja.

#23 Kijana wa Boda (Mbale)
Pole mzee. Tani moja siku hizi mnalipwa ngapi huko?

#24 Mkulima wa Nzoia (Bungoma)
Inategemea kiwanda na siku. Njoo uone foleni ya trekta kwanza ndio tuongee bei.

#25 Karani wa Zamani (Kakamega)
Tukifungua ya miwa hatutarudi. Turudi kwa kura.

Binti amesema jambo la maana kuhusu Jumatano alasiri. Kura nyingi Bungeni hupigwa kwa sauti. Spika anauliza, wanaokubali wanasema ndiyo, wanaokataa wanasema la, yeye anasikiza upande upi una sauti kubwa, basi. Hakuna majina. Mbunge anaweza kukwambia chochote akirudi nyumbani. Majina huandikwa pale tu inapoitishwa kura ya kuhesabiwa, kengele zinalia, milango inafungwa. Akidi ya Bunge la Kitaifa, yaani idadi ya chini ya kuendesha kikao, ni wabunge 50 kati ya 349. Na hao 50 wasipokuwepo, kama hakuna anayesimama kulalamika, kikao kinaendelea. Nimeona mswada ukisogea mbele na watu ninaoweza kuwahesabu kwa vidole vya mikono na miguu.

Tena kuna mbinu ya kutokuwepo. Februari 2019, ule mswada wa thuluthi mbili wa jinsia, wa kuzuia jinsia moja kuzidi thuluthi mbili ya wabunge, ulihitaji kura 233 kwa sababu ni wa kubadilisha Katiba. Ukumbini walikuwemo 174. Haukupigiwa hata kura ya kuukataa. Uliuawa na viti vitupu, na hakuna mbunge anayeweza kushtakiwa na wapiga kura kwamba aliupinga.

#26 Mwalimu Mstaafu (Kimilili)
Hapo Karani umenikumbusha swali la kumuuliza mwenye uzi. Miwa Mikavu, umeona kwa macho yako kwamba mbunge wenu alipiga Ndiyo? Maana siku zile zilisambazwa orodha nyingi na nyingine zilikuwa za kubuni.

#27 Miwa Mikavu (Mumias)
Mwalimu, niliona kwenye WhatsApp ya kijiji. Picha zilikuwa zimewekwa msalaba mwekundu.

#28 Mwalimu Mstaafu (Kimilili)
Hiyo sio kuona. Kura zile zilihesabiwa kwa majina. Tafuta kumbukumbu za Bunge, Hansadi, ya tarehe 20 Juni na ya 25 Juni. Zisome zote mbili, maana zilikuwa kura mbili tofauti: mara ya pili na mara ya tatu.

#29 Binti wa Free Area (Nakuru)
Tarehe 20 ilikuwa 204 kwa 115. Tarehe 25 ikawa 195 kwa 106, na 3 zikaharibika. Angalieni hesabu: Ndiyo zilipungua 9, na La zilipungua 9 vilevile. Sijawahi kuona mtu akiliongelea hilo.

#30 Wakili wa Mtaa (Kisumu)
Inaweza kuwa sadfa tu. Siku ya 25 kulikuwa na moshi wa vitoa machozi hadi getini, huenda wengine hawakufika. Ukitoa waliopiga kura unabaki na zaidi ya 40 ambao hawakuonekana, na viti vichache vilikuwa wazi. Wala sio ajabu kwa Bunge letu. Mswada wa Fedha wa 2023 ulisomwa mara ya tatu ukapata 184 kwa 88, yaani zaidi ya 70 hawakupiga, na siku hiyo hakukuwa na moshi.

#31 Miwa Mikavu (Mumias)
Nimerudi. Mpwa wangu anafanya kazi duka la kompyuta Kakamega mjini, amenitafutia na kunichapishia. Tumesoma jina kwa jina mara mbili, tukaenda na rula.

Tarehe 20 Juni: yumo. Ndiyo.
Tarehe 25 Juni: hayumo. Hayumo kwa Ndiyo, hayumo kwa La. Jina lake halipo kabisa.

Sijui nihisi vipi. Miaka yote hii nimekuwa nikimtukana kwa kura ya mwisho ambayo hakupiga. Na yeye matangani hakukana. Angeweza kusema "siku ile sikupiga". Mbona hakusema?

#32 Jicho la Kondele (Kisumu)
Kwa sababu akisema hakupiga, Nairobi watamsikia. Akisema alipiga, nyinyi mtamsikia. Akicheka, hakuna anayesikia kitu.

#33 Karani wa Zamani (Kakamega)
Mimi naisoma hivi. Tarehe 20 simu ya kiranja ilipigwa, akatii. Kati ya 20 na 25 simu zenu zikapigwa. Mwenye uzi mwenyewe ametuambia mliijaza ujumbe. Akabanwa pande mbili, akajificha. Kwa mbunge, kukosekana ndiyo La ya mwoga. Lakini mjue kwamba ujumbe wenu ulifanya kazi, nusu.

#34 Mkulima wa Nzoia (Bungoma)
Au alikuwa hospitali. Au nje ya nchi na kamati. Karani unajuaje?

#35 Karani wa Zamani (Kakamega)
Sijui. Nimesema ninavyoisoma.

#36 Mwalimu Mstaafu (Kimilili)
Mimi siwezi kuita hiyo kufanya kazi. Muliro hakukosekana. Shikuku hakukosekana. Mtu aliyechaguliwa na kulipwa ili aseme ndiyo au la, akinyamaza siku ambayo nchi inaungua, amewanyima watu wake kiti chao. Aliyepiga Ndiyo waziwazi namheshimu kuliko yeye, maana naweza kumkabili 2027 kwa jina.

#37 Mama Mchele (Ahero)
Mwalimu, nakuheshimu sana, lakini nakukatalia. Ni mswada wa kawaida, sio wa Katiba. Kama nimemwelewa Karani, kule kwa 233 asiyekuwepo ni sawa na aliyekataa, lakini huku wanahesabu waliopo tu. Kwa hivyo kutokuwepo kwake kuliwapunguzia Ndiyo moja. Kama mtu ana watu elfu kadhaa wanaongoja basari na barabara, na bado akathubutu kuwanyima wakubwa kura yake, hata kwa kujificha, mimi naona ameanza kusikia. Ningependa kujua aliogopa nini tarehe 20 ambacho hakukiogopa tarehe 25.

#38 Wakili wa Mtaa (Kisumu)
Mama yuko sahihi kwa hesabu. Kwa mswada wa kawaida, Ibara ya 122, ni wingi wa waliopo na kupiga kura. Spika hana kura, na zikilingana hoja imeanguka.

#39 Jicho la Kondele (Kisumu)
Miwa Mikavu, zile elfu ishirini za mazishi familia ilizirudisha?

#40 Miwa Mikavu (Mumias)
Hapana. Zililipia mochari. Mwili ulikuwa umekaa siku kumi na moja.

#41 Jicho la Kondele (Kisumu)
Haya. Poleni sana.

#42 Miwa Mikavu (Mumias)
Jumamosi kuna matanga mengine upande wa Shianda na atakuja, jina lake limo kwenye ratiba. Nitakuwa na karatasi zote mbili mfukoni. Sitapiga kelele. Nitangoja aliyefiwa amalize, kisha nimfuate pale kwa gari nimwonyeshe ya 20 na ya 25, nimuulize swali la Mama Mchele kama alivyoliuliza. Mwenye neno jingine la kuongeza aniandikie kabla ya Ijumaa jioni.

#43 Binti wa Free Area (Nakuru)
Ongeza moja: mswada ujao wa fedha, ofisi yake itapokea maoni ya watu wake kwa njia gani, na mwisho ni tarehe ngapi. Aandike mwenyewe nyuma ya hiyo karatasi.

#44 Kijana wa Boda (Mbale)
Shianda nitafika. Nitakubeba kutoka Mumias stendi saa tatu asubuhi, mafuta juu yako.